Matonge ya mbegu kwa bustani za Dar es Salaam: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Matonge ya mbegu ni kitu gani?

Ni mbegu zilizochanganywa na mboji na udongo wa mfinyanzi, zikafinyangwa mpaka zikawa viduara vya ukubwa wa gololi, kisha zikaanikwa kivulini. Huyachimbii shimo. Unayatupa juu ya ardhi, mvua inanyesha, udongo unalainika, mbegu inaota ikiwa na chakula chake pembeni.

Ule ugumu wa nje ndio kinga yenyewe. Unaificha mbegu kwa ndege, sisimizi na panya, na unaizuia isidanganyike na manyunyu. Mbegu iliyotupwa wazi ikipata mvua ya dakika kumi huamka, kesho yake jua la Dar linaimaliza. Tonge lililokauka vizuri halifunguki kwa manyunyu. Linasubiri maji ya kueleweka.

Nani alianzisha?

Kufunika mbegu kwa udongo ni jambo la zamani na la watu wengi. Aliyelirudisha midomoni ni Masanobu Fukuoka (1913–2008), mkulima wa kisiwa cha Shikoku, Japani, aliyelima bila kutifua ardhi. New York nako, mwaka 1973, kikundi cha watu wa kujitolea kilikuwa kikirusha mbegu juu ya uzio wa viwanja vilivyotelekezwa. Jirani zetu Kenya wameifanya kazi hii kwa wingi zaidi: mbegu za miti zinavikwa vumbi la mkaa na kusambazwa kwenye ardhi kame, wakati mwingine zikimwagwa kutoka kwenye eropleni.

Kwa Dar yanafaa kweli, au ni mambo ya mitandaoni tu?

Yanafaa, ila si kila mahali, na hapa ndipo wengi wanapopotea. Kama una tuta zuri, una maji ya bomba na una nafasi ya kupiga jembe, panda mbegu moja kwa moja. Zitaota nyingi zaidi, kwa mistari, na hutapoteza jioni nzima kufinyanga. Tonge haliongezi mazao ya tuta.

Kazi yake ni mahali ambapo jembe halifiki au halina faida: mteremko nyuma ya nyumba kule Goba au Kimara, ule ukanda mwembamba kati ya ukuta na uzio, kiwanja chako cha Chanika au Kigamboni kinachosubiri hela ya ujenzi, chini ya minazi ambako huna mpango wa kulima. Mahali pa namna hiyo hata yakiota machache umepata, kwa sababu hapakuwa na kitu.

Niyatupe lini?

Siku chache kabla ya mvua za msimu, au mara tu zinapoanza. Kosa lolote jingine linavumilika. La msimu halivumiliki.

Dar tuna mvua za vuli, Oktoba hadi Desemba, na masika, Machi hadi Mei. Masika ni ya uhakika zaidi, lakini Aprili inaweza kumwaga maji ya kusomba kila kitu. Kwa mteremko ni bora kuwahi katikati ya Machi, ili miche iwe imeshika ardhi kabla ya mafuriko. Vuli ni ya kubahatisha: mwaka mmoja inanyesha vizuri, mwaka mwingine inapiga chenga. Mamlaka ya Hali ya Hewa (TMA) hutoa utabiri wa kila msimu kabla haujaanza. Usikilize, halafu weka akiba nusu ya matonge yako. Nusu ya kwanza ikiungua na jua kwa sababu mvua ilikatika, bado unayo nyingine.

Januari na Februari, wakati wa joto la kaskazi, usitupe kitu. Juni hadi Septemba unaweza kutupa nyumbani tu, penye maji ya kumwagilia kila siku.

Udongo wa mfinyanzi nitautoa wapi? Kwetu ni mchanga mtupu.

Hili ndilo swali la Dar. Sehemu kubwa ya jiji imekaa juu ya mchanga wa pwani, na mchanga haushikani: tonge linaanikwa zima, linaokotwa unga.

Cha kwanza kuangalia ni kichuguu. Mchwa wamekwisha kukuchekechea udongo laini na kuushikiza, ndiyo maana mafundi wanaupenda kwa matofali na kwa kukandika. Pembezoni mwa jiji, kuanzia Bunju mpaka Pugu na Chanika, vichuguu bado vipo. Chagua kilichokufa, na kama kiko kwenye eneo la mtu, omba.

Pili ni udongo mwekundu wa vilima vya Pugu na Kisarawe. Unashika vizuri ukichekechwa. Pugu ndiko pia iliko ule udongo mweupe wa kaolini unaojulikana miaka mingi, lakini kwa matonge huuhitaji, mwekundu unatosha.

Tatu, ulizia mafundi wanaochimba mashimo ya choo au kisima mtaani. Mara nyingine chini ya mchanga wanakutana na tabaka la udongo unaonata, na kwao ni kero ya kubebwa na toroli. Watakupa bure na kukushukuru.

Usichukue udongo wa bonde la Msimbazi. Unanata vizuri, nakubali, lakini watafiti wamekuta metali nzito katika udongo na mboga za kando ya mto ule. Kama unachopanda ni cha kula, uache. Mchanga wa ufukweni nao una chumvi, uache pia.

Nitajuaje kama udongo wangu unafaa?

Lowanisha kiasi cha kiganja, ukande, kisha uviringishe uwe kamba nene kama kidole. Ikunje kamba hiyo kuzunguka kidole chako. Isipokatika, udongo unafaa. Ikipasuka kidogo, punguza mboji. Ikikatika kabla hata hujaikunja, huo ni mchanga, rudisha ulikoutoa.

Ukitaka kuona kwa macho, jaza chupa ya maji ya kunywa robo kwa udongo, ongeza maji, tikisa sana, iache itulie. Mchanga utashuka chini ndani ya dakika moja au mbili. Mfinyanzi unabaki umeelea, na maji yanaweza kuwa machafu mpaka kesho yake. Tabaka la juu likiwa nyembamba sana, usihangaike nao.

Nikikosa kabisa mfinyanzi?

Tumia magazeti ya zamani. Yachane vipande vidogo, yaloweke usiku mzima, yaponde kwenye kinu mpaka yawe rojo, yakamue maji, changanya na mboji na mbegu, finyanga. Tonge la karatasi ni jepesi na mvua kubwa inalibeba kirahisi, kwa hiyo ni la kwenye ndoo na matuta ya tambarare, si la mlimani. Wapo wanaoshikiza kwa uji wa muhogo. Unashika, lakini sisimizi wanaujua kabla hujamaliza kuanika.

Vipimo ni vipi?

Kila mahali utaambiwa udongo sehemu 5, mboji sehemu 3, mbegu sehemu 1. Hizo tano na tatu ni sawa. Ile moja ya mbegu ndiyo inayoharibu matonge ya watu.

Hesabu kidogo. Vikombe vitano vya udongo na vitatu vya mboji, vikombe vya chai vya kawaida, vitakupa matonge kama mia tatu ya ukubwa wa gololi. Sasa gramu moja tu ya mbegu za mchicha ina mbegu zaidi ya elfu moja. Ukitia kikombe kizima, kila tonge litakuwa na mamia ya mbegu, zote zinagombania kiduara cha sentimita mbili. Zitaota kwa pamoja, utafurahi siku tatu, kisha zitanyong'onyea zote.

Kwa hiyo pima kwa idadi ya mbegu, si kwa kikombe. Mbegu ndogo kama mchicha, mnafu au mrehani: tatu hadi tano kwa tonge, maana yake robo ya kijiko cha chai inatosha mchanganyiko wote huo. Mbegu za kati kama bamia, choroko au alizeti: moja au mbili, na hizi ni rahisi kuzisukumia kwa kidole tonge likiwa bado laini kuliko kuzichanganya. Mlonge na kunde: moja, ikizidi sana mbili.

Nieleze utengenezaji kuanzia mwanzo.

Kausha udongo na mboji, ponda madongoa, kisha chekecha vyote kwa wavu wa dirishani uliochakaa. Changanya vikavu kwanza kwenye beseni, pamoja na mbegu ndogo kama unazitumia. Kwa kuwa mbegu za mchicha ni chache na ni ndogo mno, zichanganye kwanza na kikombe kimoja cha mboji peke yake ndipo uzimwage kwenye beseni. La sivyo zote zitakwenda upande mmoja.

Ongeza maji kidogo kidogo huku unakanda. Unatafuta ulaini wa unga wa chapati: unashikana, hauachi rojo kiganjani. Wengi wanazidisha maji hapa. Yakizidi, ongeza udongo mkavu, usiendelee kufinyanga tope.

Chukua kipande, kiviringishe kati ya viganja, ukikaze. Kikipasuka, maji hayatoshi au mboji imezidi. Panga matonge kwenye ungo au kipande cha boksi, yaanike kivulini penye upepo kwa siku moja hadi tatu. Si juani. Jua linakausha ngozi ya nje haraka wakati ndani bado bichi, tonge linapasuka na mbegu inabaki wazi. Kwa unyevu wa Dar, hasa masika yakishaanza, siku tatu ni kitu cha kawaida. Yageuze asubuhi na jioni.

Tonge tayari ukiliangusha sakafuni kutoka usawa wa kiuno linadunda au linabaki zima.

Mboji au samadi?

Mboji iliyoiva ndiyo bora. Samadi ya ng'ombe au mbuzi inafaa kama ni ya zamani, imekauka, haina harufu. Samadi ya kuku ni kali: ikiwa mbichi inaunguza mizizi, na ndiyo inayopatikana zaidi mjini kwa sababu ya mabanda ya kuku wa nyama. Iache ioze miezi kadhaa kwanza. Mbolea ya dukani ya chumvichumvi usiitie kabisa.

Mbegu gani zinafanya vizuri?

Zile ambazo hata bila wewe zingeota. Mchicha, mnafu, mgagani na mlenda ziko mbele, maana ni mboga ambazo nyingi hujiotea zenyewe mashambani. Bamia, kunde na choroko zinafuata. Alizeti na ufuta vinaota kirahisi, ingawa ndege wanakuwahi kwenye mavuno. Kwa maua, zinia na kosmosi, hazina maringo na nyuki wanazipenda. Kama una mapesheni au matango yasiyozaa vizuri, kuwaita nyuki ni sababu nzuri kuliko zote ya kutengeneza matonge ya maua.

Kwa ardhi iliyochoka, mimi ningeanza na marejea. Ni jamii ya mikunde, inarudisha naitrojeni ardhini, inafunika magugu, na wakulima wa kusini, hasa upande wa Peramiho, wanaijua kama mbolea ya kijani. Kiwanja kinachosubiri ujenzi kikikaa na marejea msimu mmoja au miwili, kitakushukuru siku utakapoamua kuacha mita chache za bustani.

Mlonge ndio mti wa kuanzia: mbegu yake inavumilia kukauka na inaota ndani ya wiki moja au mbili.

Na zisizofaa: embe, fenesi na parachichi. Mbegu zake zinakufa zikikaushwa, na tonge lazima likauke. Mwarobaini pia mbegu yake haikai muda mrefu, na kwa pwani yetu mti huo unajieneza wenyewe kupita kiasi, hauhitaji msaada wako. Mti wa lukina nao unajieneza wenyewe kupita kiasi. Matembele, kisamvu na mchaichai havipandwi kwa mbegu, unakata kipande unachomeka. Watu wanaouliza tonge la matembele huwa wengi kuliko unavyodhani.

Nilizonunua dukani zina rangi ya pinki. Ni sawa?

Hiyo rangi ni alama kwamba zimepakwa dawa ya kuua ukungu au wadudu. Mbegu zenyewe ni nzima, zitaota, lakini si za kukandwa kwa mikono mitupu na si za kazi ya watoto. Vaa glovu au tafuta zisizopakwa dawa. Kwenye maduka ya pembejeo ya Kariakoo na kwingineko, uliza mbegu iliyothibitishwa na TOSCI, taasisi ya serikali ya kuthibitisha ubora wa mbegu, na usome tarehe kwenye pakiti kabla ya kulipa. Mbegu ya mwaka juzi iliyokaa kwenye rafu yenye joto haiokolewi na tonge lolote.

Nizioteshe au kuziloweka kwanza?

Hapana. Mbegu iliyolowekwa imeshaamka. Ukiifunga ndani ya tonge na kulikausha unaiua. Bamia watu wamezoea kuiloweka usiku kabla ya kupanda, na kwa tuta ni sawa, kwa tonge si sawa. Mbegu zenye ganda gumu unaweza kuzikwaruza kidogo kwa msasa zikiwa kavu, basi.

Maji ya kisima changu yana chumvi.

Visima vingi vya karibu na bahari viko hivyo. Usikandie matonge kwa maji hayo, tumia ya bomba au ya mvua. Ni maji kidogo tu yanayohitajika, hata ndoo ndogo haiishi.

Matonge yameota ukungu mweupe wakati wa kuanika. Niyatupe?

Ukungu kidogo juu ya mboji si tatizo, yahamishie penye upepo zaidi. Yakinuka au yakiwa laini mpaka ndani siku ya nne, unyevu umezidi, mbegu zinaoza.

Kama badala ya ukungu unaona vijiti vya kijani vinachungulia, mbegu zimeota kabla ya wakati. Usiyakaushe tena. Yapeleke bustanini siku hiyo hiyo, yafukie nusu, yamwagilie kila siku kama miche ya kawaida.

Kuku wa jirani wanayachimbua yote.

Kuku hawasumbuliwi na udongo mgumu. Wanachakura tu kwa sababu wanapenda kuchakura. Hapo dawa ni matawi ya miba au wavu juu ya sehemu hiyo mpaka miche ifike urefu wa kiganja, na mazungumzo ya upole na mwenye kuku. Kunguru wa India hulidokoa tonge, akiliona gumu mara nyingi analiacha, ila udadisi wake hauna mwisho. Kwa sisimizi na panya, kijiko cha pilipili ya unga kwenye mchanganyiko kinasaidia. Kumbuka kutojishika macho.

Nikishatupa, nifukie? Nimwagilie?

Penye tambarare, yaache juu na uyakanyage kidogo yashikane na ardhi. Penye mteremko, yabonyeze mpaka nusu yaingie, au tengeneza vishimo vya kisigino, la sivyo mvua ya kwanza itayapeleka mtaroni. Acha hatua moja kati ya tonge na tonge; kwa mchicha unaweza kubana zaidi.

Kwenye msimu wa mvua humwagilii. Nje ya msimu, lowanisha kila asubuhi mpaka tonge lifunguke, kisha usiache kwa wiki mbili tatu za mwanzo. Mchicha ungeota siku ya tatu hadi ya tano kwenye tuta. Kwenye tonge ongeza siku kadhaa.

Wiki tatu zimepita, hakuna kitu.

Pasua tonge moja. Likiwa kavu katikati, mvua haijatosha, subiri. Likiwa na unyevu na mbegu ni laini iliyooza, maji yalizidi au mbegu ilikuwa imekufa tangu dukani. Likiwa na unyevu na mbegu ni ngumu vilevile, huenda tonge lako ni kubwa mno: mbegu ndogo iliyofungwa katikati ya donge la ukubwa wa limau haina nguvu ya kutoka. Ukikuta tundu tupu, muulize sisimizi.

Yanakaa muda gani bila kuharibika?

Yatumie ndani ya wiki chache. Yakiwa yamekauka kabisa, kwenye mfuko wa karatasi au kikapu, mahali pa baridi pasipo na unyevu, yatafika msimu unaofuata, lakini hewa ya Dar inarudisha unyevu kila usiku. Yasifungwe kwenye chombo kisichopitisha hewa kabla hayajakauka. Ni afadhali kuhifadhi mbegu kavu na udongo uliochekechwa, ukafinyanga wiki mbili kabla ya mvua.

Naweza kutupa kwenye kiwanja cha mtu, kando ya barabara, au msituni?

Kiwanja cha mtu, muulize mwenyewe au pitia kwa mjumbe. Hata kama ni pori la nyoka, lina mwenyewe. Hifadhi ya barabara iko chini ya TANROADS (barabara kuu na za mikoa) au TARURA (barabara za mijini na vijijini), na mimea mirefu kwenye kona inawaziba madereva. Ukitaka kupapendezesha, anza na ofisi ya serikali ya mtaa, na uwe na maua mafupi, si mtama. Mboga za kando ya barabara yenye magari mengi nisingezila.

Msitu wa Pugu na Kazimzumbwi, hapana kabisa. Ule ni msitu wa asili wa pwani wenye mimea yake, na mbegu ngeni ni hatari kwake hata kama nia yako ni njema.

Watoto wanaweza kushiriki?

Hii ni kazi yao, mradi mbegu hazina dawa na samadi si mbichi. Pilipili uitie wewe. Wanawe kwa sabuni wakimaliza, na wapewe eneo lao la kutupia, vinginevyo matonge yatatumika kama gololi.

Sina kiwanja, nina ndoo mbili barazani.

Tonge moja katikati ya ndoo yenye matundu chini linatosha kwa bamia, matatu kwa mchicha. Ingawa, kwa ndoo mbili, mbegu chache na kidole vingekuwa na kazi ndogo zaidi.

Yameota miche minne sehemu moja. Niiache?

Hapana, ikifika majani manne bakiza wenye nguvu. Kata mingine kwa mkasi usawa wa ardhi badala ya kuing'oa, maana mizizi imeshikana na utang'oa yote. Kwa bamia na mlonge bakiza mmoja. Mchicha unaweza kuacha miwili, na hiyo uliyokata inaingia sufuriani.